Kwenye Skrini Hawakuwepo

Mwaka jana nilikuwa mkalimani kwenye boti ya matanga ya kukodi, kutoka Mji Mkongwe kwenda Nungwi. Giza lilipoingia, nahodha aliiachia otopailoti usukani, akashuka chini kula na wageni. Juu nilibaki mimi, mwanafunzi wa uzamili nisiyejua goshi wala demani.

Ghafla tochi ikamulika mbele yetu. Ngalawa! Nilipiga ukelele, nahodha akaruka juu, akakata usukani. Tuliwapita wale wavuvi kwa urefu wa kasia.

“Mdogo wangu,” akasema, “kwenye skrini hawakuwepo.”

Wangekuwepo vipi? Ngalawa ni gogo la mwembe lililochongwa, halina kifaa cha kujitangaza. Otopailoti hushika mwelekeo, haina macho. Ndiyo maana Kanuni ya 5 ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, inataka kila chombo kiwe na mwangalizi muda wote, kwa macho na masikio.

Sikatai jipiesi, inatuepusha na miamba. Nakataa usukani usio na mtu. Bahari ile, usiku, ni shamba la watu. Anayebana mshahara wa baharia mmoja atuambie anaubana kwa roho ya nani.