Kisanji na Kelele ya Mji



Kama jamaa yenu ilitoka Sandoa na kuhamia Kolwezi kutafuta kazi, pengine kuna kitu kidogo juu ya kabati lenu: ubao wenye ndimi za chuma. Wachokwe wanakiita chisanji, Kinshasa wanasema likembe. Babu alikuwa anakipiga njiani, ao mangaribi kando ya moto, na kuimba polepole. Leo akikigusa, watoto wanacheka: «Babu, ile kintu ni ya bazee, haina nguvu!» Na kweli, bafle ya baa inalia, na sauti ya babu inazama.

Lakini sikia habari ya Mawangu Mingiedi. Yeye alitoka upande wa mpaka wa Angola, kwa Wazombo. Katika miaka ya 1960 alianzisha kule Kinshasa kundi la Konono No. 1. Muziki ule, kwao kijijini, ulipigwa kwa pembe za ndovu. Yeye akauhamisha kwenye likembe. Shida ikawa ni moja: barabara ya Kinshasa ina kelele mingi, na likembe ni mpole. Alifanya je? Alichonga mikro za miti, akatia sumaku za vipande vya motokari zilizokufa, akapitisha sauti katika megafoni. Ngoma zikasaidiwa na sufuria na vyuma vya takataka.

Sauti ilitoka kubwa, tena yenye kukwaruza na kuvuma. Hawakuitupa ile kelele, waliifanya sehemu ya wimbo. Sahani yao «Congotronics» ilitoka Ubelgiji mwaka 2004, na vijana wa Ulaya waliozoea gitaa za umeme walishangaa: hii si ni roki? Mwaka 2007 Björk, mwimbaji wa Aislandi, aliweka likembe zao katika wimbo wake. Mzee Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Sasa chukua chisanji cha babu, uangalie vizuri. Mara nyingi utaona pete ndogo za chuma zinazolia «zzz» kila ulimi unapoguswa. Basi kelele haikuletwa na umeme! Wazee wetu walipenda sauti tamu iwe na mchanga kidogo ndani yake. Na chini ya ndimi utaona nta nyeusi: ukiongeza, sauti inashuka, ukipunguza, inapanda.

Kijana wako anayetengeneza radio anaweza kutafuta sumaku na waya. Hiyo si kazi ngumu. Lakini ni kiasi gani cha nta, na ulimi gani unajibu ulimi gani? Hiyo anaijua babu peke yake. Mikro inakuza wimbo, haiufahamu. Babu akiondoka bila kuulizwa, mutabakia na ubao tu.

Mangaribi ya leo, zima radio kidogo. Mwambie mtoto: «Kaa hapa karibu na babu yako.»

Tuonane mwezi ujao.