Vyeti vya mtandaoni na hatima ya mkimbizi wa Dadaab

Mwaka 2012, Profesa Sebastian Thrun wa Marekani alibashiri kwamba baada ya miaka 50 zingesalia taasisi 10 pekee za elimu ya juu duniani kote. Alikuwa na sababu ya kujipiga kifua. Kozi aliyoifundisha kupitia intaneti pamoja na mwenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka uliotangulia ilivutia wanafunzi wapatao 160,000. Waliomaliza, hata hivyo, walikuwa zaidi kidogo ya 20,000.

Kufikia sasa vyuo havijafungwa. Kilichobomoka ni ukuta wa darasa. Mamlaka ya kutoa shahada yangali mikononi mwao. Hilo linadhihirika zaidi kambini Dadaab, Kaunti ya Garissa.

Kwa muda mrefu wakimbizi wa huko hawakuruhusiwa kuondoka kambini bila kibali, hivyo intaneti ilikuwa mlango wa pekee kwa wengi. Majukwaa kama vile Kaya na DisasterReady hutoa mafunzo ya bure kuhusu kazi za misaada ya kibinadamu, nyingine zikiwa kozi za saa chache tu. Mkimbizi mwenye bidii anaweza kukusanya rundo la vyeti. Kinaya ni kwamba Sheria ya Wakimbizi ya 2021 humruhusu kufanya kazi ya taaluma iwapo sifa zake zinatambuliwa na mamlaka husika nchini. Cheti cha saa mbili hakifiki hapo. Matokeo yake, wengi huyahudumia mashirika hayo hayo kwa posho badala ya mshahara.

Mradi wa BHER, ulioanza Dadaab mwaka 2013, ulifuata njia tofauti. Vyuo Vikuu vya Kenyatta na Moi viliungana na vile vya York na British Columbia vya Kanada kuwasomesha hasa walimu wa shule za kambini. Masomo ya mtandaoni yalichanganywa na ya ana kwa ana, na cheti cha kwanza kikamfungulia mwanafunzi njia ya stashahada, kisha shahada. Ni njia ghali, tena ya polepole, lakini shahada hiyo ni ya chuo kinachojulikana.

Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2023, hakimhitaji mwanafunzi asafiri. Linalosalia ni nani atamlipia mkimbizi karo, na iwapo mashirika yanayomtegemea yatakubali kumlipa kulingana na shahada atakayoipata.