Nshomile, mwacheni mtoto acheze!

Hivi jamani, mtoto wa miaka minne ana shughuli gani na madaftari matatu, kazi za nyumbani na fimbo ya mwalimu? Nauliza kwa sababu ukipita mjini Bukoba asubuhi, kuanzia Kashai na Hamugembe hadi Rwamishenye, utawaona wamebeba mabegi makubwa kuliko migongo yao. Nenda vijijini Muleba utakuta chumba kimoja, watoto wamebanana kama senene kwenye kopo, mwalimu mmoja anawaimbisha a, e, i, o, u na wao wanarudia kama kasuku. Mjini mzazi amelipa ada, kijijini hajalipa. Ugonjwa ni ule ule: tunaamini kwamba mtoto anayecheza hajifunzi.

Sisi wa Kagera nchi nzima inatuita nshomile. Wanatutania kwamba tunapenda usomi na kujisifia usomi, nasi kimoyomoyo tunafurahi. Lakini sifa hii sasa inawaumiza watoto. Mzazi anataka mtoto aliyeanza chekechea Januari aandike jina lake kabla ya Pasaka. Asipoandika, mwalimu hafai, anahamishwa shule. Mwenye shule naye ni mfanyabiashara, anampa mteja anachotaka: daftari lililojaa tiki nyekundu, mahafali ya majoho, na shairi la Kiingereza ambalo mtoto analikariri bila kuelewa hata neno moja. Mzazi anapiga picha, anarusha kwenye simu, roho kwatu!

Ninachokitetea hapa si kitu cha kuletwa na ndege. Kipo kwenye makaratasi yetu wenyewe. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na kuanzia 2016 shule za serikali zikaacha kutoza ada. Mtaala wa elimu ya awali wa 2016 uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania ulitaka mtoto ajifunze kwa michezo, darasa liwe na kona za ujifunzaji, na mwalimu awe mwezeshaji. Uwiano rasmi ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Yaani sera tunazo, nzuri kabisa, zimelala kabatini.

Maana ya jambo lenyewe ni nyepesi. Mwalimu anaandaa mazingira, mtoto anachagua aanzie wapi. Wanne wanafungua duka la vizibo vya soda: hapo kuna kuhesabu, kutoa chenji, kungoja zamu na kugombana bila kupigana. Wengine wanafinyanga udongo, na vidole vinapata nguvu ya kushika penseli baadaye. Mwingine anapanga mbegu za maharage kwa rangi na ukubwa, hesabu hiyo! Mwalimu hajakaa bure. Anatazama, anasikiliza, anauliza: "Kwa nini umeweka hii hapa?" Na tukumbuke kwamba mtoto wa kijijini Muleba anafika shuleni akiwa na Kihaya, anakutana na Kiswahili, na akipelekwa shule ya Kiingereza inakuwa lugha ya tatu. Kwenye mchezo analazimika kuongea. Kwenye kuimbishwa anafungua mdomo tu.

Mnataka ushahidi? Marekani, mjini Ypsilanti, jimbo la Michigan, mwaka 1967 watafiti waliwagawa watoto 68 wa familia maskini katika njia tatu za chekechea. Kundi moja lilifundishwa kwa kukaririshwa na mwalimu, mengine mawili yalimwachia mtoto nafasi ya kuchagua na kucheza. Mwanzoni alama zao za akili zilikaribiana. Walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 23, waliokaririshwa ndio waliokuwa wamekamatwa zaidi kwa makosa makubwa ya jinai. Watoto 68 ni wachache, nakubali. Lakini anayesema kukaririsha ndiko kunajenga nidhamu, na yeye alete ushahidi wake.

Na hapa kwetu tuna somo ambalo dunia nzima inalijua ila sisi tumelifanya kichekesho. Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, Muleba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Hadi shule inafungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa na kicheko na kilio. Kikaenda Nshamba, watu 217 wakapatwa, na Juni kikafika shule nyingine ya wasichana karibu na Bukoba. Madaktari walipima, hawakuona sumu wala kijidudu. Watafiti wa baadaye walielekeza kidole kwenye msongo wa mawazo. Wale walikuwa wasichana wakubwa, si wa chekechea, na sisemi mtoto wako atacheka wiki nzima. Nasema mtoto aliyebanwa hatoi ripoti kwa maandishi. Mwili wake ndio unaosema: anakojoa kitandani, anaumwa tumbo kila Jumatatu, analia akiona sare.

Najua majibu yenu. Kwanza: "Hayo ni mambo ya Wazungu wenye pesa." Si kweli. Maria Montessori alianzia mwaka 1907 San Lorenzo, mtaa wa makabwela mjini Roma. Na hapa hapa kuna Jambo Bukoba, iliyoanzishwa 2008, ambayo imewafundisha walimu wa shule za msingi Kagera kutumia michezo kufundishia stadi za maisha. Mpira wa majani makavu ya migomba haujawahi kuhitaji mfadhili.

Pili: "Watoto ni wengi, mwalimu mmoja." Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo inayoniudhi zaidi. Kuimbisha watoto mia hakujawahi kupunguza hata mtoto mmoja, kunaficha tu aibu ya halmashauri na wizara kutoajiri. Makundi na kona husaidia kidogo, lakini dawa ni walimu waliosomea elimu ya awali. Tusimtwishe mwalimu mmoja dhambi za ofisi nzima.

Tatu: "Atafeli usaili wa darasa la kwanza." Basi mwenye kosa ni huo usaili! Shule inayomchuja mtoto wa miaka sita kwa kuwa hajui kusoma, yenyewe ipo kwa kazi gani?

Kwa hiyo, wazazi wa Bukoba na Muleba, kikao kijacho msiulize mtoto amekuwa wa ngapi. Ulizeni amecheza nini, na nani, na mwalimu aliona nini. Ulizeni darasa lina watoto wangapi na halmashauri imeomba walimu wangapi. Ulizeni fimbo iliyoegeshwa ukutani ni ya kazi gani. Mkijibiwa kwamba hapa hatuchezi, hapa tunasoma, mjue mmeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nawasilisha.