Ujirani na Gitaru Haupunguzi Gharama
Mwandishi anayetaka kaunti za Meru na Embu kila moja ijenge kituo chake cha data, kwa sababu mabwawa ya umeme ya Seven Forks yako jirani, amekosea hesabu. Umeme wa Gitaru, mojawapo ya mabwawa hayo, huingia kwanza kwenye gridi ya taifa; gridi ilipozimika Agosti 25, 2023, ujirani huo haukumfaa mtu. Gharama nzito huanza baada ya uzinduzi: betri zinazochakaa, dizeli ya jenereta, viyoyozi, fundi wa zamu ya usiku. Hata seva isiyo na kazi hula umeme mwingi. Mwandishi huyo atasema data ikiwekwa mbali na faiba ikikatwa, hospitali itakwama. Ni kweli, basi hospitali ibaki na seva ndogo ya rekodi za wagonjwa, lakini data za mishahara na leseni zihifadhiwe katika kituo cha data cha taifa kilichopo Konza, kaunti zichangie gharama.