KOMPYUTA YA ZAMANI ISIWE KISINGIZIO

Ndugu Wafanyakazi,

Mara ngapi mmekwenda ofisini kuuliza siku zenu za kazi za miaka iliyopita, mkajibiwa: "Kompyuta ni ya zamani, haitoi hayo"? Na mkiuliza mbona haibadilishwi, mwaambiwa mambo mawili. La kwanza, ati mpya ni ghali. La pili, ati wafanyakazi hawataiweza. Leo twataka kuyapima maneno hayo, maana mwenye kudai haki yampasa aujue udhuru wa mwenziwe kabla hajaukataa.

Kwanza tuseme kweli. Kuhama mfumo mmoja wa kompyuta kwenda mwingine si jambo dogo, na sisi wa Marereni twaweza kulifahamu upesi kuliko wengine. Tazameni mabwawa ya chumvi. Maji ya bahari huingia bwawa la kwanza, yakapigwa na jua, yakapita la pili na la tatu, yakizidi kuwa makali mpaka yafike pale chumvi inapoganda. Ukitaka kubadili njia ya maji, hubadili lango moja tu. Wabadili mifereji na kingo, na chumvi ya msimu huo huenda ikapotea. Ndivyo ilivyo ofisini. Programu ya mishahara imefungamana na hesabu za ghala, na mauzo, na mizani ya malori. Hesabu za miaka mingi zimeandikwa kwa namna ambayo programu nyingine haiwezi kuisoma. Karani amezoea, na fundi aliyeiweka keshakwenda zake. Meneja aogopa siku moja tu: siku ya mshahara mfumo mpya ukatae kufunguka. Hofu hiyo ina msingi. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini udhuru wa bei haumalizi maneno. Kama bei ndiyo sababu, basi cha bure kingepokewa kwa mikono miwili. Mwezi wa Desemba 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu, kwa Kiswahili chetu, kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden. Haikuuzwa, iligawiwa bure. Mwaka huo huo ikatoka Ubuntu, mfumo mzima wa kompyuta usiolipiwa, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Je, maofisi ya pwani yalihama? Mengi yalibaki palepale. Kwa nini? Kwa sababu barua za benki na za wateja zaja kwa namna ya Windows, na kijana atokaye chuoni amefundishwa Windows. Atokaye peke yake hubaki peke yake.

Hata wakubwa wamelionja hili. Baraza la jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuacha Windows na kutumia Linux. Ilipofika 2013 kompyuta kama 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Mwaka 2017 baraza lilelile likapiga kura kurudi Windows.

Wala tusimcheke meneja, maana kamba hiyo imetufunga na sisi. Tangu Aprili 2011 sheria yaturuhusu kuhama kampuni ya simu na namba yetu ileile. Wangapi kati yetu wamehama? Ni wachache, hata kama kwingine mazungumzo ni rahisi. M-Pesa ilianza 2007, na leo mama nyumbani apokea kwa hiyo, duka lakopesha kwa hiyo, mchango wa mazishi wapita humo. Twaona bei, twanung'unika, twabaki. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Ama ule udhuru wa pili, kwamba wafanyakazi hatutaweza kujifunza, huo ni matusi. Nani alitufundisha kutuma fedha kwa simu? Hakuna darasa lililofunguliwa Marereni wala Gongoni. Muuza samaki asiyepata kwenda shule apokea malipo, ahakikisha salio na kumkamata mwongo papo hapo. Mtu hujifunza upesi kile chenye faida kwake.

Tena tazameni jambo moja. Julai 2023 ilikuja tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaondoka, ikaja SHA na makato ya asilimia 2.75. Je, kompyuta ya zamani ilishindwa? La! Makato yakaingia, kwa kuwa Serikali ilisema na adhabu ilikuwapo. Basi ajabu ya mashine hii ni kwamba yajua kukata, ila haijui kueleza.

Hapo ndipo penye kiini. Gharama ya kuhama hulipwa na mwajiri, tena leo. Gharama ya kutohama yalipwa na sisi, kidogo kidogo, kila mwezi. Mwenye kuamua siye mwenye kuumia. Ndiyo maana haoni haraka.

Nasi twaumia vipi? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua ambaye siku zake za mfululizo zimefika mwezi mmoja atatazamwa kama mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Lakini nani ahesabu siku hizo? Hati ya mshahara yenye maelezo, ya kifungu cha 20, hawapewi vibarua wala watu wa kazi ya kipande. Basi kumbukumbu ya ofisi ndiyo mlango wao wa pekee, na mlango huo waambiwa una kutu. Kumbe kifungu cha 74 chamtaka mwajiri aweke kumbukumbu, wala hakikusema "isipokuwa kompyuta ikiwa kuukuu." Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yampa kila mtu haki ya kuona habari zake zilizowekwa, na kuzipata kwa namna inayosomeka na mashine nyingine.

Sasa jihadharini na upande wa pili. Mabadiliko yaja, tutake tusitake. Microsoft imekomesha utunzaji wa kawaida wa Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na maofisi mengi yatalazimika kuhama. Siku hiyo ya kuhama ndiyo siku ya hatari. Mtu aliyeanza kazi 2009 aweza kuandikwa upya kana kwamba ameanza jana. Na akipunguzwa kazi, malipo yake ni mshahara wa siku 15 zisizopungua kwa kila mwaka alioutumikia. Miaka ikipotea ndani ya mashine, fedha yake imepotea pamoja nayo.

Kwa hiyo twadai haya:

1. Kabla ya mfumo kubadilishwa, kila mfanyakazi apewe karatasi yenye tarehe aliyoanza kazi, siku zake, na michango yake ya NSSF, iliyotiwa sahihi na ofisi.

2. Mfumo wa zamani na mpya ufanye kazi pamoja kwa miezi 2 ya mshahara, na mwakilishi wa wafanyakazi alinganishe hesabu.

3. Makarani wafundishwe ndani ya saa za kazi, kwa malipo.

4. Programu itakayonunuliwa iwe yenye kutoa kumbukumbu zake zikasomeka kwingine, ili tusifungwe tena miaka mingine 15.

5. Asipunguzwe mtu kwa jina la mashine bila kufuata kifungu cha 40, yaani taarifa ya mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa kazi.

Na sisi wenyewe tujisafishe kwanza. Daftari la wanachama wa tawi lisiwe kichwani mwa mtu mmoja wala ndani ya simu yake. Akiondoka, tutakuwa kama hao tunaowalaumu.

Ndugu, andikeni siku zenu wenyewe, kila jioni, katika daftari la kawaida, hata kama ni la shule la mtoto. Daftari hilo haliharibiki umeme ukikatika.

Umoja ni nguvu.

Mwandishi wenu, Marereni