Msamaha wa Kupangiwa Foleni

Misamaha iko ya namna mbili. Upo msamaha wa mdai anayekutazama usoni na kukwambia, "Wewe hudaiwi, nenda zako." Na upo wa mdai anayechukua kwanza fedha zako, kisha akakwambia kwamba ukitaka asichukue tena, lete vyeti. Msamaha wa kodi ya majengo kwa wazee wetu wa Tanzania umekuwa wa namna hii ya pili, nami nasema huo si msamaha.

Sheria yenyewe ni njema. Mzee aliyefikisha miaka 60, anayeishi katika nyumba yake mwenyewe isiyomwingizia kipato, hapaswi kuilipia kodi. Busara yake iko wazi: nyumba ya kulala mzee si duka, wala matofali hayazai pensheni.

Kasoro imo katika utekelezaji. Agosti 2021 kodi hiyo ilianza kukatwa kupitia LUKU: Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Sh 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Mwaka 2023 viwango vikapandishwa kuwa Sh 1,500 na Sh 7,500. Kwa mkusanyaji, ni utaratibu mwepesi kupita kiasi. Mita haiulizi umri. Mzee ananunua umeme wa kuchemshia chai, na kodi imeshaondoka kabla taa haijawaka. Ili akatwe, hakutakiwa kujaza fomu yoyote. Ili asikatwe, ndipo inapotakiwa fomu, kitambulisho, uthibitisho wa umiliki na safari ya kwenda ofisini. Kwa nini dola ina macho makali ya kumwona mlipaji, lakini ikifika zamu ya kumwona msamehewa inataka ashikwe mkono na kuletwa mbele yake?

Nitaambiwa kwamba kitambulisho cha taifa kinaonyesha umri tu, hakionyeshi nani anaishi wapi, wala nani amepangisha vyumba vya uani. Ni kweli, na wajanja wa kuandikisha nyumba za biashara kwa majina ya babu zao hawakosekani. Lakini mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake wanajua. Wanajua nani ni mpangaji na nani ni mwenye nyumba, kwa kuwa ndio wanaogongewa mlango kila siku kuandika barua za utambulisho. Barua yao ikiaminika benki, kwa nini isitoshe hapa?

Wengine watacheka: Sh 1,500 ni kitu gani? Kwa mwaka ni Sh 18,000. Sasa hesabu nauli ya mzee anayetembea kwa mkongojo, pamoja na ya mjukuu wa kumsindikiza, hesabu fotokopi, hesabu kuambiwa "njoo Jumatatu". Safari tatu za namna hiyo zinakaribia kumeza msamaha wote. Ndipo mzee anaponyamaza na kulipa, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ni ridhaa.

Anayeumia zaidi ni mjane. Nyumba iliandikwa jina la marehemu mumewe, ikiwa iliandikwa kabisa, maana nyumba nyingi za mitaa yetu isiyopimwa zina karatasi ya mauziano tu, iliyosainiwa mbele ya mjumbe. Mirathi haikufunguliwa, watoto wametawanyika, na mahakama inaogopesha. Bibi huyu ana miaka 70, ameishi humo miaka 40, amebeba maji ya kufyatulia matofali yake. Lakini sheria inamtaja mmiliki, na karatasini mmiliki yuko kaburini. Basi marehemu hawezi kuomba msamaha, na aliye hai hana sifa ya kuuomba. Mita, hata hivyo, haina shaka naye: inamkata yeye.

Kwa hiyo nawaambia wazee wenzangu: jiandikisheni. Haki isiyodaiwa huota kutu, na kususa kwetu hakumuumizi yeyote isipokuwa sisi. Na ninyi watoto mnaotuma salamu kwa simu, chukueni siku moja ya likizo mkawapeleke wazazi wenu.

Lakini kujiandikisha kwetu kusiwe kisingizio cha wakubwa kustarehe. Barua ya mtaa na itoshe. Mjane anayeishi katika nyumba ya ndoa yake na ahesabiwe mwenye nyumba. Na kilichokatwa kwa asiyestahili kukatwa kirudi kwa njia ile ile kilikopitia, kikiwa uniti za umeme katika mita ile ile. Mtambo ulioweza kuchukua bila kuombwa unaweza pia kurudisha bila kubembelezwa.