Pesa ya spea lipa dukani, fundi mlipe kazi yake

Jumapili jioni ukipita Makutano, Meru, pale magari yanapooshwa, utawakuta tu. Fielder mbili tatu, Probox ya kubeba miraa ambayo haijawahi kujua likizo, Land Rover kuukuu iliyoteremka kutoka Chogoria, na wenyewe wamesimama na vikombe vya chai wakibishana. Mmoja anaapa kwamba giaboksi ya CVT haitaki oili ya otomatiki ya kawaida, hata kama bei yake ni nusu. Mwingine amechomeka kale kakifaa ka kusoma kompyuta ya gari chini ya usukani na anasoma makosa ya injini kwenye simu. Dakika kumi baadaye hadithi imehama: ni laptop gani ya mtumba inamfaa mtoto anayejiunga na chuo, ni nani anauza lishe ya ng'ombe bila kupunja kilo. Embu ni vivyo hivyo, ila huko gari linalosemwa sana huwa ni lile la kubeba muguka kutoka Mbeere.

Tunavipenda vikao hivi, na baadhi ya wafanyakazi wetu ni wanachama sugu. Ushauri wa pale ni wa bure na mara nyingi unashinda ule wa kulipia. Utaambiwa spea gani, ya kampuni gani, na duka la kupigia simu Kirinyaga Road, Nairobi. Halafu mtu anauliza, "Sasa nalipa aje?" Jibu huwa moja: "Mtumie tu fundi."

Hapo ndipo tunapoachana nao.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa upande wa Nkubu alitupigia simu akiwa amekasirika. Gari lake lilikuwa linapiga kelele kila akifunga breki. Alikuwa amefuata ushauri wa wenzake neno kwa neno: pedi za breki za mbele ziwe za asili, viatu vya nyuma vibadilishwe pamoja nazo, na oili ya breki imwagwe yote iwekwe mpya. Alimtumia fundi shilingi 9,800 kwa namba yake ya simu, spea na kazi vyote ndani. Kazi ikafanywa. Wiki tatu baadaye kelele zikarudi, na alipopeleka gari kwa fundi mwingine akaonyeshwa pedi zilizokwisha kung'aa kama kioo. Hazikuwa zile alizolipia, au basi zilikuwa za kuigiza ndani ya boksi zuri.

Alitaka tumrudishie pesa yake. Ilibidi tumwambie jambo ambalo hakuna mteja anayefurahia kulisikia: huduma ya kurudisha pesa imewekwa kwa mtu aliyekosea namba. Yeye hakukosea. Alituma kwa mtu aliyemkusudia, jina likatokea kwenye simu, akathibitisha, na fundi akapokea. Hata tungeomba fundi akubali kuirudisha, ilikuwa imeshatolewa kwa wakala zamani. Sisi hatuna macho ya kuona pedi.

Kilichotuuma zaidi ni hiki. Fundi alisema alinunua kwa uaminifu dukani Nairobi na mzigo ukaletwa na matatu. Duka alilolitaja lilisema halina kumbukumbu ya mauzo hayo. Inawezekana fundi alidanganya. Inawezekana pia kwamba fundi mwenyewe alipigwa na broka wa pale barabarani, maana naye alituma pesa kwa namba ya mtu. Hadi leo hatujui, na mwalimu hajui. Meseji yake ya malipo ina jina la fundi, tarehe na kiasi. Haisemi pedi, haisemi duka, haisemi gari.

Kuna watakaosema 9,800 ni hasara ndogo, watu wamepoteza mengi zaidi. Wakumbuke barabara tunayoizungumzia. Kutoka Embu hadi Meru unateremka na kupanda mabonde ya mito inayotoka Mlima Kenya: Thuci, Nithi, Mutonga na mingineyo. Julai 2022 basi lilitoka barabarani pale Nithi likatumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafariki. Hatusemi kwamba spea ndiyo iliyolisababisha. Tunasema mteremko ule haumsamehi mtu. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na zikishapata moto hushika kidogo. Oili ya breki iliyozeeka huwa imefyonza maji kutoka hewani, na yale maji yakichemka pedali inalegea mguuni kama sponji. Ndiyo maana wazee wa Probox husema teremka na gia ndogo, acha injini ifanye kazi. Ushauri mzuri kabisa. Lakini gia ndogo haitaokoa pedi feki.

Kwa hivyo maoni yetu ni haya, na tunajua hayatapendwa na kila mtu: pesa ya spea isipitie mkononi mwa fundi. Fundi akwambie inahitajika nini. Wewe umpigie mwenye duka, umsomee namba ya chasisi ya gari lako (iko kwenye logibuku, na kwa magari mengi iko pia kwenye kibati ndani ya injini au mlangoni), umwombe picha ya spea na ya boksi, kisha ulipe kwa namba ya Till ya duka. Mzigo utakuja na matatu uleule ambao ungekuja kwa jina la fundi. Tofauti ni kwamba sasa meseji yako ina jina la biashara, na risiti ina jina lako.

Hiyo risiti si karatasi ya mapambo. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Ukiwa na risiti unaweza kurudi dukani, na ukikataliwa unaweza kupeleka lalamiko kwa KEBS kuhusu ubora, au kwa mamlaka ya kupambana na bidhaa ghushi ikiwa boksi limeigizwa. Ukiwa na meseji ya "umemtumia fulani 9,800" utaanza kwa kueleza fulani ni nani.

Sasa tumsikilize fundi, maana hapa ndipo wengi wanaotoa ushauri kama wetu huteleza. Tulizungumza na mafundi kadhaa wa Embu na Meru kabla ya kuandika, na hawakuficha. Pesa ya kazi tunayowalipa ni kidogo. Mteja atabishana na fundi juu ya shilingi mia tano za kufungua tairi nne, kisha aende nyama choma alipe elfu mbili bila kuuliza. Fundi anapiga simu tano Nairobi kwa airtime yake, anaenda stendi kungoja mzigo unaochelewa, anakaa nusu siku bila kazi nyingine, na hakuna mahali kwenye bili pa kuandika hayo. Basi anaongeza kidogo juu ya spea. Mmoja alituambia hivi: "Mkinilipa kazi yangu, sina haja na spea yenu."

Tunamwamini. Kwa hivyo ukichukua ushauri wetu nusu, yaani umnyang'anye fundi ile nyongeza ya spea halafu umlipe kazi kwa bei ileile ya zamani, utakuwa umemwonea, na ukimwonea fundi wa breki zako, hiyo ni akili gani? Mkubaliane bei ya kazi kabla ya spana kuguswa. Kuwe na pesa ya kutafuta spea, iitwe kwa jina lake. Akitaka sehemu mbele, mpe sehemu ya kazi. Na nyinyi mafundi, chukueni Till ya karakana, si ya shemeji. Siku ukitaka mkopo wa kununua kompresa au jeki kubwa, taarifa ya miezi sita ya malipo ya kazi itakusemea. Pesa iliyochanganyika, ya spea imeingia na imetoka siku hiyohiyo, haionyeshi mapato yako ni yapi.

Mtasema kila mtu huvutia kamba upande wake, na Till ni biashara yetu. Kweli. Malipo ya Till yana ada ambayo kwa kawaida hukatwa kwa mwenye duka, nasi hupata riziki hapo. Ndiyo sababu wengine wenye maduka hukwambia, "Hiyo Till ina shida leo, tuma kwa hii namba." Wakati mwingine ni kweli mtandao umelala. Mara nyingine anakwepa ada, au anakwepa risiti ya eTIMS. Sisi tungekubali lawama hiyo ya kuvuta kamba kuliko kupokea simu nyingine kama ya yule mwalimu. Na kuna lawama nyingine inayotustahili zaidi: kwa miaka mingi tumewauzia haraka. Tangu mwaka 2007 pesa ya simu ilipoanza Kenya, matangazo ya sekta hii yote yamekuwa ya kutuma upesi. Hatukutumia nguvu hiyohiyo kuwaeleza kwamba kutuma kwa mtu na kulipa biashara ni vitu viwili, hata kama vyote vinaisha kwa PIN na mlio wa meseji.

Wale wa laptop nao wasijione wako salama. Mtaalamu wa kompyuta anayekwambia "tuma ya RAM na diski ya SSD niletewe kesho" yuko kwenye kiti kilekile cha fundi wa gari. Unaweza kuagiza GB 8 ukawekewa 4, na usipojua pa kuangalia hutajua. Mwashi anayeomba pesa ya simiti, vivyo hivyo. Lipa hardware, yeye aende akachukue mifuko.

Kununua gari lenyewe ni hadithi ndefu, tutaiandikia siku yake. Ila kwa sababu tumeulizwa sana: kabla ya kutoa hata shilingi ya "kushikilia gari," toa nakala ya kumbukumbu za gari kutoka NTSA kupitia eCitizen, uone mwenye gari ni nani na kama kuna benki inalidai. Malipo ya eCitizen huenda kwa Paybill ya serikali, 222222. Mtu akikwambia utume ada ya kuhamisha logibuku kwa namba yake "kwa sababu anajuana na watu pale," mwache aendelee kujuana nao.

Tumeulizwa pia swali zuri na mama mmoja wa Runyenjes ambaye ana pikapu ya kupeleka maziwa. Anasema alijaribu kufanya hivi tunavyosema, akaweka namba ya Till, na jina lililotokea halikufanana hata kidogo na lile lililo kwenye ubao wa duka. Akaogopa, akaghairi, gari likalala siku mbili zaidi. Mama, ulifanya sawa kusimama. Mara nyingi jina linalotokea ni lile ambalo biashara ilisajiliwa nalo, na ubao ni jina la mtaani. Lakini usibahatishe. Piga simu dukani kwa namba iliyo kwenye risiti ya zamani au kwenye ubao, si ile uliyotumiwa na meseji ya Till, na uulize: "Nikilipa, nitaona jina gani?" Asome yeye kwanza, kabla hujamsomea wewe. Yakifanana, weka PIN. Yasipofanana, maziwa ya kesho yapande boda, pikapu ingoje.